Ndoto ya Kuazima

"Panua."

Tunu akapanua mdomo.

"Nyanyua ulimi. Geuza huku. Na huku."

Bi Mauwa aliwasha tochi ya simu, akammulika mke wa mwanawe mpaka kooni. Wapangaji waliokuwa wanasubiri zamu ya bafu, ndoo mkononi na taulo begani, kila mmoja aliangalia pengine huku anaona. Vidonge vilikuwa vimeshashuka zamani. Tunu hajawahi kuficha hata kimoja shavuni, lakini muuguzi aliwahi kusema wagonjwa wa aina hii ni wajanja, na neno lile Bi Mauwa alilibeba kama amri ya serikali.

"Haya, funga."

Akafunga. Mdomo ulikuwa mkavu, ulimi mzito. Akakaa kwenye kigoda chini ya kamba ya nguo, akasubiri aambiwe la kufanya.

Sasa, katika nyumba ile ya Manzese asubuhi haikuanza na chai, ilianza na ndoto. Bi Mauwa, mwenye nyumba, alisifika mtaa mzima kwa kuzifasiri. Akishaketi kwenye jamvi lake uani, wanawake wanasogea, mwenye kufagia anafagia, mwenye kuosha vyombo anaosha, na aliyeota anasema. Lakini palikuwa na desturi. Ukisema "nimeota," waliopo lazima waitikie "heri" kwanza, kabla hujafungua habari yenyewe, ili hata kama ni mbaya igeuke. Waislamu waliitikia, Wakristo waliitikia. Loveness, mlokole wa kutoka Singida aliyepanga chumba cha mwisho, alikuwa akiitikia heri kisha anaongeza "kwa jina la Yesu" chini chini, na hakuna aliyemkataza.

"Jamani nimeota," alisema Loveness, akigeuza maandazi yake ya biashara kwenye mafuta.

"Heri," wakaitikia.

"Nafagia kanisa, vumbi haliishi. Nafagia, linarudi. Nafagia, linarudi."

"Hiyo kazi," alisema Bi Mauwa. "Utapata kazi mpaka uombe msaidizi."

"Amina, Bi Mauwa. Ije tu."

Wakacheka. Kisha Bi Mauwa akageuka. "Na wewe, Tunu?"

"Sijaota, mama."

"Jana hukuota."

"Jana pia sikuota."

"Mtu mzima anaota," Bi Mauwa aliwaambia wengine. "Hata mbwa anaota, unamwona anatikisa miguu. Huyu huko ndani kwake kuna nini?"

Hakukuwa na kitu, na hilo ndilo Tunu angejibu kama angeulizwa kwa nia ya kujua. Akilala, alikuwa anazimika. Akiamka, amewashwa. Katikati hapana picha, hapana sauti, hapana mtu.

Mtoto akatoka chumbani kwa bibi yake, kashika ukuta, miguu bado inamyumbisha. Mudathir. Alimpita mama yake kama anavyoipita ile ndoo, akaenda kujitupa magotini kwa Bi Mauwa. Tunu alimwangalia. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapotakiwa kuumia, na aliumia kweli, ila maumivu yenyewe aliyasikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Ahadi ilikuwepo. Bi Mauwa aliitoa mwenyewe mbele ya Shomari, mwanawe: siku Tunu akiwa mzima, mtoto atarudi kulala kwa mama yake. Mzima ndiyo nini, hakuna aliyesema. Basi Tunu akawa anabahatisha. Aliacha kucheka, maana alicheka siku moja wakatazamana. Aliacha kuimba akifua. Aliacha kuchezesha midomo kwenye dua, maana Bi Mauwa alimwambia Shomari, "Anaongea peke yake tena." Akajifunza kwamba mzima ni mtu asiyesikika. Akawa hasikiki. Na sasa, loo, kumbe anatakiwa na kuota!

Kuumwa kwenyewe kulimpata mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Usingizi uliondoka usirudi. Akawa anamsikia marehemu mama yake akimwita kutoka Temeke, anamsikia waziwazi kama unavyomsikia muuza samaki. Mchana mmoja akatoka pekupeku, mtoto kifuani, akaishika barabara kubwa, anamwambia kila anayekutana naye kwamba anampeleka mjukuu kwa bibi yake. Kanga yake yote alikuwa kamfunika mtoto kwa ajili ya jua, yeye kifua wazi. Hakumwangusha. Hakumwachia hata mgambo walipomshika, ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja. Kisha wakamfunga kamba, na vijana wakapiga video. Video ilitembea. Ilipofika Mbagala ilikuwa inasema kuna mama Manzese alitaka kumtupa mwanawe chini ya basi la mwendokasi. Na iliporudi Manzese, hata waliokuwepo pale barabarani walikuwa wanakumbuka basi.

Siku ya kliniki Shomari aliomba ruhusa karakana. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole, macho mekundu kwa moto wa kazi. Daktari wa magonjwa ya akili hakuwepo, huja kwa siku zake. Palikuwa na muuguzi.

"Anakula?" Muuguzi alimuuliza Shomari.

"Anakula."

"Analala?"

"Analala sana, sista."

"Anaongea peke yake? Anasikia sauti?"

Shomari alimtazama mkewe kidogo. "Hapana."

"Fujo?"

"Hana fujo."

"Vizuri sana."

"Sista," alisema Tunu, "mie siotagi."

Muuguzi aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama Shomari. "Anasemaje?"

"Anasema haoti ndoto."

"Si ndiyo vizuri? Wenzake wanakesha na majinamizi, wanapiga kelele wodi nzima haipumziki. Mwambie ashukuru Mungu."

"Yuko hapa, anakusikia," alisema Shomari, lakini alisema kwa sauti ndogo mno.

"Nataka kuota, sista. Vikipunguzwa kidogo tu, hivi vya usiku."

"Umesikia?" Muuguzi alimwambia Shomari. "Anataka kupunguziwa dawa. Hiyo dalili hiyo. Wakianza hivyo, jua ugonjwa unarudi. Mkiona mabadiliko yoyote mleteni tumchome ile sindano ya mwezi, hata nyie nyumbani mtapumzika. Mwingine!"

Njiani Shomari alimnunulia muhogo wa kuchoma. Walikula wamesimama. "Vumilia, mke wangu," alisema. "Mama atakurudishia mtoto. Ni moyo wake tu bado haujatulia."

"Anataka niote."

"Basi ota," alisema Shomari, akajaribu kucheka.

Hapo ndipo wazo lilipoingia. Halikuingia kwa kishindo, siku hizo hakuna kilichoingia kwa Tunu kwa kishindo. Aliwaza tu kwamba ndoto haina shahidi. Mtu anasema kaota, watu wanaitikia, imekwisha. Lakini kutunga hakuweza. Kila akijaribu, kichwa kilileta ndoo, sufuria, ukuta. Ikabidi aazime.

Katika ndoto zote alizozisikia uani, moja ndiyo iliyopokewa vizuri kuliko zote. Ilikuwa ya Farida, wifi yake, dada wa Shomari aliyeolewa Chanika na hajabahatika mtoto mpaka leo. Farida alikuja mara moja kulala, asubuhi akasema kaota, wakaitikia heri nyumba nzima. Kaota anavuka maji, maji ya shingoni, kabeba mtoto asiyemjua wa nani. Katikati mtoto akamponyoka, akazama. Akapapasa, hakuna. Mara mtoto akaibuka mwenyewe anacheka, na maji yakatakata mpaka chini panaonekana. Bi Mauwa alisimama kwenye jamvi. Alisema maji ni uzazi, na mtoto aliyezama akaibuka ni mtoto aliyeko njiani. Wakafukiza ubani, wakapika pilau siku ya kazi, Loveness akapiga magoti pale pale karibu na jiko lake akashukuru.

Tunu alikuwepo siku hiyo, kwenye kigoda chake. Alikumbuka pilau.

Akaishika ndoto ile, akaipanga kichwani. Hakuongeza kitu wala kupunguza. Farida alikuwa mbali Chanika, na hawa wengine, aliwaza, wanasikia ndoto kila siku, watakumbuka ipi?

Asubuhi yake, baada ya tochi na ulimi, Bi Mauwa hajauliza, Tunu akasema, "Mama, nimeota."

Akasubiri heri.

Ufagio wa mpangaji mmoja ukasimama. Loveness alifungua mdomo, akamtazama mwenye nyumba kwanza, akaufunga. Mafuta yalikuwa yanachemka. Desturi ni desturi, husimulii kabla hujaitikiwa, kwa hiyo Tunu akadhani hawakumsikia.

"Nimeota," alirudia.

"Umeota nini?" alisema Bi Mauwa.

Bila heri. Tunu aliona kwamba jambo limeharibika, lakini alikuwa ameshaifungua, na mtu akifungua ndoto akaikatisha ndiyo watamwona kichaa kabisa. Akasimulia. Maji ya shingoni. Mtoto mkononi.

"Mtoto gani?"

"Simjui wa nani."

"Umebeba mtoto humjui?" Bi Mauwa aliuliza taratibu. "Humjui mwanao?"

"Ndotoni, mama. Halafu akaniponyoka, akazama. Nikapapasa. Halafu akaibuka mwenyewe, anacheka, na maji yakawa..."

Hakufika kwenye maji kutakata. Bi Mauwa alikuwa ameshanyanyuka, kamkwapua Mudathir aliyekuwa anachezea mfuniko wa sufuria, kaingia naye ndani. Komeo likasikika. Kupitia dirishani wakamsikia yuko kwenye simu. "Shomari! Rudi nyumbani. Rudi sasa hivi. Mkeo kamzamisha mtoto."

Ilibidi aseme tena kwamba ni ndotoni, maana Shomari huko alikuwa kaanza kulia.

Alifika ananuka chuma kilichoungua, miwani ya kazi bado kaivaa kichwani. Wakakaa chumbani kwa Bi Mauwa, mlango wazi kwa sababu ya joto, na uani kukawa na watu wengi wanaoosha vyombo vichache. Tunu aliulizwa, akarudia. Aliporudia akaona uso wa Shomari unavyokunjamana, akamhurumia, akaamua kusema kweli. Lilikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Siyo yangu," alisema. "Ni ya wifi Farida. Niliiazima."

"Ndoto inaazimwa?" alisema Bi Mauwa. "Ufagio huo?"

"Si unaikumbuka, mama? Maji ya shingoni, mtoto asiyemjua. Ulisema ni heri. Ulisema ni uzazi. Ni ile ile."

"Naikumbuka sana." Bi Mauwa alikuwa katulia ghafla, na kutulia kwake ndiko kulikomtisha Shomari. "Ndiyo maana nakuuliza. Mwenzio kakaa miaka hana mtoto. Kaota, nimemfasiria kwa mdomo wangu, tumefukiza, tumesubiri. Kimya. Kila nikipiga simu Chanika, kimya. Nikawa najiuliza imekwenda wapi heri ya mwanangu. Kumbe iko kwako."

"Mama, nimeisema tu. Sikuota chochote. Nilitaka nipewe Mudathir."

"Kwa hiyo umesema uongo."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kwenye ndoto! Asubuhi, mbele za watu!"

"Mama," alisema Shomari, "huyu anaumwa."

"Na mie nasema nini?" Bi Mauwa akamgeukia Tunu. "Haya, chagua mwenyewe nisikuonee. Mwongo, mwizi, au mgonjwa?"

Tunu alifikiri kwa dhati kabisa. Aliyapima yote matatu, maana alikuwa ameulizwa, na siku hizi haulizwi. Mgonjwa aliona lina huruma kidogo. "Mgonjwa," alisema.

"Basi. Mgonjwa hapewi mtoto."

Shomari aliinamisha kichwa, miwani ikamdondokea mapajani. Angeweza kusema kitu. Nyumba ilikuwa ya mama yake, chumba walichokuwa wanalala walikuwa wanalala bure, na yeye ni mtoto aliyelelewa kumwitikia mama. Aliokota miwani akaifuta kwa shati.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo, nao kwa hesabu za Bi Mauwa ulikuwa wa haki. Farida kanyang'anywa heri yake, Farida afidiwe. Mtoto aende Chanika, kuna hewa na uwanja wa kuchezea. Mama yake atulie apone. Hakuna atakayeumia.

Tunu alimfuata Loveness kwenye jiko lake. "Dada, wewe ulikuwepo siku ya Farida. Ulipiga magoti. Kawaambie kwamba ndoto haikuwa mbaya."

Loveness alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. "Haikuwa mbaya," alisema. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiwiko. "Lakini mie nimepanga hapa, dada Tunu. Nikifukuzwa, na jiko hili nalipeleka wapi?"

Kesho yake Shomari alimpeleka akachomwe sindano. Muuguzi alisema, "Si niliwaambia?"

Farida alikuja Ijumaa, kavaa dera jipya. Alikuwa kaleta blanketi la mtoto, na hakujua alifiche wapi alipomwona Tunu kwenye kigoda.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, wifi. Karibu." Sindano ilikuwa imeshamkaza shingo, akimtazama mtu anageuka na mabega. "Nisaidie. Mwambie mama ile ndoto ilikuwa yako, na bado ni yako. Sikuila."

Farida akachuchumaa mbele yake. Hakuwa mwanamke mbaya. Chanika kwa wakwe zake alikuwa anaitwa mti mkavu, anaambiwa hivyo akiwa anawapakulia chakula. "Ni yangu," alisema. "Najua hukuila, wifi."

"Basi mwambie."

Farida alitazama kule Mudathir alikokuwa anavalishwa soksi. "Mama alisema nitapata mtoto," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaanza kulia, akaondoka kwenda kumchukua.

Bajaji ilikuja mpaka kwenye kona, zaidi ya hapo njia haipitiki. Mtoto alikuwa kalala. Tunu aliachwa asimame mlangoni, mkono wa Shomari begani mwake, na hakufanya vurugu yoyote. Alitamani sana kufanya. Alilitafuta lile jambo ambalo lingemtoa mbio nyuma ya bajaji, akalitafuta kifuani na miguuni, akakuta pamefungwa. Wapangaji walisema afadhali, kalipokea vizuri.

Iddi ya kuchinja Farida aliwaleta wote, mume na mtoto. Uani palitandikwa mikeka, palikuwa na wageni, na nyama ilikuwa ya kutosha. Mudathir sasa alikuwa anakimbia. Kanzu ndogo, kofia inamdondoka kila hatua. Akianguka anaita mama, na Farida anakwenda.

Tunu alikaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Alikuwa kanenepa uso. Mikono ilimtetemeka kidogo, kwa hiyo aliikalia.

"Jamani, si mumpe mama yake naye amshike," alisema mgeni mmoja asiyejua habari.

Farida alimtazama mama yake. Bi Mauwa akaangaza watu waliokuwepo, kisha akatikisa kichwa kukubali, na mtoto akapitishwa mkono kwa mkono mpaka mapajani kwa Tunu.

Alikuwa mzito. Alinuka mafuta ya nazi na nyumba nyingine. Tunu akamzungushia mikono, na mahali fulani chini kabisa, chini ya sindano, kitu kikanyanyuka kikaanza kupanda, akakijua. Mudathir alimkodolea macho. Midomo ikakunjamana. Akajipinda kwa nguvu kuelekea kwa Farida akipiga kelele, "Mama! Mama!" na mikono ya Tunu yenyewe ikambana asianguke.

Akaona jinsi watu walivyoacha kutafuna. Shomari alikuwa kasimama nusu. Bi Mauwa kaweka mkono kwenye mkeka, tayari kunyanyuka. Wote walikuwa wanaitazama mikono yake.

Akaifungua. Akamnyanyua mtoto, akamnyoosha mbele yake kabla hajaambiwa.

"Mchukue, wifi," alisema kwa sauti iliyotulia. "Analia."

Watu wakapumua. Mtoto akanyamaza begani kwa Farida. "Mnaona?" Bi Mauwa aliwaambia wageni, na furaha yake haikuwa ya uongo, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Mnaona wenyewe? Kapona! Alhamdulillahi, mtoto wa watu kapona kabisa."

Wakamshukuru Mungu. Wakamletea Tunu sahani yake ya pilau, wakamchagulia mnofu.

"Mama," alisema Tunu, "kama nimepona..."

"Usiharibu, mwanangu." Bi Mauwa alimpigapiga goti kwa upendo. "Leo uko vizuri sana. Kula."

Tunu akala.